Redio za mtandaoni na ada za muziki: nani analipa, na analipa upande gani wa mpaka?

KASESE/BWERA – Kufungua redio ya mtandaoni siku hizi ni rahisi kuliko kufungua duka la vipuri vya pikipiki. Kompyuta moja, kipaza sauti, mashine ya kuchanganyia sauti na intaneti isiyokatika ovyo vinatosha. Hakuna mnara wa kusimamisha mlimani wala masafa ya kugombania. Kijana aliyekaa Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe, anaweza kusikika Kasindi, Beni na Butembo, na dakika hiyo hiyo akasikika London na Boston kwa watu wa kwao waliohamia huko.

Kilicho kigumu ni hesabu ya muziki. Kila wimbo anaoupiga una mwenyewe, na mwenyewe ana haki ya kulipwa. Redio ya FM ya Kasese ililijua swali hilo kwa namna moja tu: ninamlipa nani hapa Uganda? Redio ya mtandaoni inaulizwa swali hilo hilo katika kila nchi aliko msikilizaji wake. Makala haya yanaeleza ada zenyewe ni zipi, zinakokotolewaje, leseni ya Kampala inafika wapi, na mambo gani yanaweza kubadilika miaka ijayo. Yameandikwa kwa ajili ya mwenye redio, mwanamuziki, na mfanyabiashara anayefikiria kutangaza bidhaa zake kupitia redio za aina hii.

REDIO YA MTANDAONI NI IPI?

Kuna aina mbili, na ni vizuri kuzitofautisha mapema kwa sababu sheria za nchi nyingi huzitofautisha.

Aina ya kwanza ni redio ya FM inayorusha matangazo yake yale yale kupitia intaneti. Redio nyingi za Uganda zinafanya hivyo. Aina ya pili ni redio isiyo na masafa kabisa, inayopatikana kwenye intaneti pekee. Zote mbili zinatofautiana na huduma kama Spotify, iliyoingia Uganda, Kenya na Tanzania mwaka 2021, ambako msikilizaji anachagua wimbo autakao kwa saa aitakayo. Kwenye redio mpangaji wa nyimbo ni mtangazaji. Tofauti hiyo ina bei yake: kwa kawaida haki ya kumwachia msikilizaji achague mwenyewe ni ghali zaidi, na hujadiliwa moja kwa moja na kampuni za muziki.

ADA ZIKO TATU, SI MOJA

Wengi wanaoanza hudhani wakishalipa serikali wamemaliza. La hasha. Kuna mifuko mitatu tofauti.

1. Kibali cha kurusha matangazo. Hiki hutolewa na Tume ya Mawasiliano ya Uganda (UCC). Machi 2018 Tume iliwataka watoa habari wa mtandaoni, zikiwemo redio na televisheni za intaneti, wajisajili kwa ada ya dola 20 za Marekani kwa mwaka. Septemba 2020 ilirudia agizo hilo, ikaweka tarehe ya mwisho kuwa 5 Oktoba mwaka huo na ada ya shilingi 100,000 za Uganda. Ada hii haihusiani na muziki hata kidogo. Ni ruhusa ya kuwa hewani.

2. Malipo ya watunzi. Huyu ni mtu aliyeandika maneno na kutunga sauti. Kwa Uganda chama kinachokusanya fedha hizo ni Uganda Performing Right Society (UPRS), kilichoanzishwa mwaka 1985. Vyama vya namna hii husajiliwa na kusimamiwa na Ofisi ya Huduma za Usajili (URSB).

3. Malipo ya waimbaji na wazalishaji wa rekodi. Wimbo uliotungwa na mtu mmoja unaweza kuimbwa na mwingine na kurekodiwa kwa fedha za mtu wa tatu. Hawa wawili wa mwisho wana haki zao zinazoitwa hakishiriki. Mwenye redio anapochukua leseni ya muziki, aulize waziwazi kama inagusa watunzi peke yao au inagusa na hakishiriki.

SHERIA YA UGANDA INASEMA NINI

Sheria inayotawala ni ile ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 2006, pamoja na kanuni zake za 2010. Sheria hiyo haikusahau mambo mapya: katika haki za mtunzi inataja kwa jina kuifikisha kazi yake kwa umma kupitia intaneti. Kwa hiyo mwenye redio hawezi kujitetea kwamba sheria ilitungwa kwa ajili ya FM tu.

Haki za kiuchumi za mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Wimbo wa mzee aliyefariki mwaka 1990 bado una wenyewe hadi mwaka 2040, nao ni warithi wake. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi pointi 100 za fedha, yaani shilingi milioni 2 kwa kuwa pointi moja ni shilingi 20,000, au kifungo kisichozidi miaka minne, au vyote viwili.

Mwaka 2022 Uganda ilijiunga na Mkataba wa Berne, ambao ndio mkataba mkuu wa dunia wa hakimiliki. Kabla ya hapo ilikuwa imefungwa na masharti ya hakimiliki ya Shirika la Biashara Duniani, lakini kujiunga na Berne kuliiweka sawa na majirani zake: Kongo ilikuwemo tangu 1963, Rwanda tangu 1984, Kenya tangu 1993 na Tanzania tangu 1994. Maana yake kwa mwenye redio ni nyepesi. Wimbo wa Kinshasa, wa Dar es Salaam au wa Nashville unalindwa Kasese kama unavyolindwa wimbo wa Kasese.

LESENI YA KAMPALA INAISHIA WAPI?

Hapa ndipo mpaka unapoingia kwenye hesabu.

Hakimiliki ni haki ya nchi moja moja. Chama cha Uganda hutoa ruhusa ya muziki kupigwa Uganda. Kina uwezo wa kutoa ruhusa kwa nyimbo za kigeni pia kwa sababu vyama vya nchi mbalimbali hupeana mamlaka kwa mikataba: wewe nikusanyie kwako, mimi nikukusanyie kwangu, halafu tupelekeane. Lakini mikataba hiyo kwa kawaida huhusu matumizi ndani ya nchi ya kila chama.

Ng'ambo ya mto Lhubiriha, upande wa Kasindi, ni eneo la chama kingine. Kongo ina sheria yake ya hakimiliki ya 5 Aprili 1986, na chama chake cha watunzi ni SOCODA, kilichochukua mwaka 2011 nafasi ya SONECA iliyokuwapo tangu 1969. Lugha ya Wakonzo wa Kasese na ile ya Wanande wa Beni na Butembo ni kama lugha moja, soko la Mpondwe linawakutanisha, na Kiswahili kinawaunganisha na wengine wote. Vyama viwili vya mirabaha vinawatenganisha.

Enzi ya FM jambo hili halikuwa na uzito. Mawimbi hayasimami kwenye kizuizi cha barabara kuonyesha pasipoti. Yanayovuka yanavuka, na hakuna awezaye kuhesabu ni masikio mangapi yaliyasikia Kasindi. Intaneti imeondoa kisingizio hicho. Mtambo wa kurushia redio mtandaoni huandika kila msikilizaji ameingia kutoka nchi gani, saa ngapi, na ametoka baada ya dakika ngapi. Kilichokuwa hakipimiki sasa kinapimika, na katika biashara kikishapimika hakikosi mtu wa kukitoza.

FUNZO LA MAREKANI: KUTOZA KWA KICHWA

Ni nchi chache zilizobishana juu ya ada hizi kwa muda mrefu kama Marekani, na ubishi wao unafaa kusomwa Kasese kwa sababu ulihusu uhai wa redio ndogo.

Kule redio za FM hazilipi waimbaji wala kampuni za rekodi. Hulipa watunzi tu. Sheria za mwaka 1995 na 1998 zikaamua kwamba anayerusha kwa njia ya dijitali lazima awalipe na wale. Mwaka 2002 kiwango kikapangwa: senti 0.07 ya dola kwa kila wimbo kwa kila msikilizaji. Wimbo mmoja ukisikika na watu 100, unahesabiwa mara 100.

Redio ndogo zikalia. Mwisho wa mwaka huo Bunge lao likapitisha sheria ya kuziruhusu zielewane na wenye rekodi kulipa kwa sehemu ya mapato. Kwa miaka ya 2003 na 2004 makubaliano yalikuwa asilimia 10 ya dola 250,000 za kwanza na asilimia 12 ya zinazozidi, au asilimia 7 ya gharama, chochote kilicho kikubwa.

Tarehe 2 Machi 2007 bodi ya mirabaha ya nchi hiyo ikatoa viwango vipya vya kichwa kwa kichwa. Kwa mwaka 2006, kwa kurudi nyuma, dola 0.0008, kwa 2007 dola 0.0011; kisha 0.0014, 0.0018, hadi 0.0019 mwaka 2010. Juu yake kiwango cha chini cha dola 500 kwa kila chaneli kwa mwaka. Tarehe 26 Juni 2007 redio nyingi za mtandaoni za Marekani zilinyamaza siku nzima kupinga. Sheria za 2008 na 2009 zikafungua tena mlango wa makubaliano, lakini makubaliano ya redio ndogo yaliisha mwishoni mwa 2015. Mwezi mmoja baadaye, Januari 2016, Live365, mtandao uliokuwa ukihifadhi redio ndogo kwa maelfu, ulifunga milango. Ulirudi mwaka 2017 chini ya mwenye mpya.

HESABU YA REDIO NDOGO

Tuchukue mfano wa kubuni ili msomaji aone uzito wa njia hizi mbili. Redio ya Bwera ina wastani wa wasikilizaji 50 kwa wakati mmoja. Inapiga nyimbo 12 kwa saa, saa 24, siku 365. Matangazo ya biashara yanaiingizia dola 3,000 kwa mwaka.

- Idadi ya nyimbo zilizosikika kwa mwaka: 50 × 12 × 24 × 365 = 5,256,000.
- Kwa kiwango cha Marekani cha 2006 (dola 0.0008): dola 4,205.
- Kwa kiwango cha 2010 (dola 0.0019): dola 9,986.
- Kwa kiwango cha 2021 kwa redio za bure (dola 0.0021): dola 11,038.
- Kwa njia ya asilimia 10 ya mapato: dola 300.

Hii ni hesabu ya kufundishia, kana kwamba wasikilizaji wote 50 wako Marekani. Wakiwa 15 tu ndio walioko huko, kiwango cha 2021 kinatoa dola 3,311. Bado ni zaidi ya mapato yote ya redio hiyo.

Tazama jambo lingine ndani ya hesabu. Katika FM, msikilizaji wa elfu moja hamgharimu mwenye redio chochote zaidi ya yule wa kwanza. Mnara ni ule ule na dizeli ya jenereta ni ile ile. Kwa ada ya kichwa, kila msikilizaji mpya ni gharama mpya, na kama huyo yuko mbali na soko la wanaotangaza kwenye redio hiyo, haleti mapato. Mwenye duka la simenti Kasese hamlipii tangazo msikilizaji aliyeko Boston. Redio inayopendwa sana inaweza kufilisika kwa kupendwa.

Kuna pia gharama ya kusafirisha sauti. Kwa ubora wa kilobiti 64 kwa sekunde, msikilizaji mmoja hutumia megabaiti 28.8 kwa saa. Wasikilizaji 50 mchana na usiku hutumia kama gigabaiti 1,037 kwa mwezi wa siku 30. Na msikilizaji naye ananunua bando. Kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, iliyoanza Julai 2018, iliondolewa Julai 2021, lakini nafasi yake ikachukuliwa na ushuru wa asilimia 12 kwenye data. Ndiyo maana FM haijafa Kasese na haitakufa upesi: ukishanunua redio na betri, kusikiliza ni bure.

UINGEREZA: KULIPA NYUMBANI HAKUKUTOSHA

Mwenye redio anaweza kusema, mimi ni mdogo, nani atanifuata Bwera? Jibu lilipatikana London, kwa mlango wa nyuma.

TuneIn ni huduma ya Marekani inayokusanya redio za dunia nzima mahali pamoja. Kampuni za Warner na Sony ziliishtaki nchini Uingereza. Mahakama Kuu ilitoa hukumu Novemba 2019 na Mahakama ya Rufaa ikatoa yake Machi 2021. Hoja kuu za kampuni hizo zilikubaliwa: kwa redio za kigeni zisizo na leseni ya Uingereza, TuneIn ilikuwa inaufikishia umma wa Uingereza muziki bila ruhusa. Zilizoguliwa hukumu hiyo si redio za wizi tu. Zilikuwemo pia redio zilizokuwa zimelipa ada zote katika nchi zao.

Mwaka 2020, kabla hata rufaa haijaamuliwa, TuneIn iliwafungia watumiaji wa Uingereza redio nyingi za nje. Hakuna aliyewafuata wenye redio hizo kwa hati ya kuitwa shaurini. Waliondolewa tu kwenye orodha. Kwa redio inayotegemea watu wa kwao walioko ughaibuni, hilo ndilo tishio lenyewe. Anayebanwa ni kampuni inayokubeba, na kampuni kubwa ikibanwa hutupa kwanza mizigo midogo.

FEDHA ZINAMFIKIAJE MWANAMUZIKI WA KASESE?

Mpaka hapa tumezungumzia anayelipa. Tumtazame anayestahili kulipwa.

Chama cha mirabaha kikishakusanya fedha, kinahitaji kujua igawanywe vipi. Njia ya haki ni orodha ya nyimbo zilizopigwa: jina la wimbo, mtunzi, mwimbaji, tarehe, saa. Mahali pasipo na orodha, chama hulazimika kukisia, kwa mfano kwa kutumia orodha za redio chache za mji mkuu. Hapo fedha iliyolipwa na redio ya Kasese, ambayo siku nzima ilipiga nyimbo za Kikonzo, huishia kwa nyota wa Kampala au wa nje. Hakuna aliyeiba. Ni hesabu iliyofanywa bila takwimu.

Redio ya mtandaoni ina faida ambayo FM haikuwa nayo. Programu inayorusha nyimbo huandika orodha hiyo yenyewe, ilimradi mafaili yamepewa majina sahihi. Faili lililonakiliwa kwenye kibanda cha sokoni, kutoka memori kadi hadi fleshi, likaandikwa "Wimbo 07", halimlipi mtu yeyote. Ikumbukwe pia kwamba leseni ya kupiga muziki hewani si leseni ya kunakili nyimbo na kuziuza. Wenye vibanda hivyo wana mlango mwingine wa kuombea ruhusa.

Upande wa mwanamuziki, masharti ni mawili. La kwanza, awe mwanachama wa chama cha mirabaha. La pili, kila wimbo wake uwe umesajiliwa humo kwa majina ya wote walioshiriki na mgawo wa kila mmoja. Mtunzi wa Bwera ambaye nyimbo zake zinapigwa Butembo hatapata kitu kutoka Kongo kama chama chake cha Uganda hakina jina lake wala hakina mkataba na SOCODA wa kulipeleka. Mwaka 2021 nchi wanachama wa shirika la hakimiliki la ARIPO zilipitisha Itifaki ya Kampala kuhusu usajili wa hiari wa hakimiliki. Usajili huo ni ushahidi mzuri wa umiliki, haukusanyi fedha.

MAJIRANI WALIVYOJARIBU

Tanzania ilianza na kibali. Kanuni zake za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliziweka blogu, redio na televisheni za intaneti chini ya leseni. Mwenye blogu alitakiwa alipe shilingi 100,000 za maombi, milioni 1 ya leseni na milioni 1 kila mwaka, fedha za Tanzania. Baadhi ya waandishi waliamua kufunga. Kanuni hizo zilibadilishwa mwaka 2020 na kurekebishwa tena baadaye. Funzo lake ni kwamba ada ya kuingia ikizidi uwezo, serikali haipati ada na mtunzi hapati mrabaha, kwa kuwa redio yenyewe haipo.

Kenya ina funzo tofauti. Huko kumekuwa na vyama vitatu: MCSK cha watunzi, KAMP cha wazalishaji na PRISK cha waimbaji. Mwaka 2017 bodi ya hakimiliki, KECOBO, iliinyima MCSK leseni na kuipa MPAKE. Baadaye MCSK ikarudi. Wenye baa, hoteli na redio walibaki wakijiuliza risiti ya nani ndiyo halali. Kabla ya kulipa, mwenye biashara popote Afrika Mashariki athibitishe kwa msimamizi wa serikali chama gani kina leseni mwaka huo.

MBELE KUNA NINI?

Mambo matatu yataamua kama redio ya Bwera itaishi.

La kwanza ni namna ya kutoza. Muswada wa kurekebisha sheria ya hakimiliki ya Uganda wa mwaka 2025 umerudisha mjadala wa mirabaha mezani. Kiuchumi, kwa redio ndogo njia inayofaa ni sehemu ya mapato yenye kiwango cha chini kinacholipika, na ada ya kichwa ibaki kwa makampuni makubwa. Asilimia 10 ya kitu kidogo ni kidogo, lakini inaingia kila mwaka. Ada ya dola 11,000 kwa mtu mwenye dola 3,000 haiingii hata mara moja, na mtunzi aliyetetewa na ada hiyo anabaki mikono mitupu.

La pili ni leseni ya kuvuka mpaka. Wazo si geni. Mwaka 2000 vyama kadhaa vya watunzi vilifanya Makubaliano ya Santiago ili chama cha nchi aliko mwenye tovuti kiweze kutoa leseni ya maeneo ya wenzake wote. Tume ya Ulaya ililalamika mwaka 2004 kwamba yaliua ushindani kwa kumlazimisha mteja anunue kwa chama cha nchi yake tu, nayo hayakuendelea. Umoja wa Ulaya ukaja na njia zake. Mwongozo wa 2014 uliweka masharti ya leseni za muziki za nchi nyingi kwa pamoja. Mwongozo wa 2019 ukaruhusu kituo cha redio kinachorusha vipindi vyake mtandaoni kilipie haki katika nchi kilipo, kisha kisikike katika nchi zote wanachama, huku bei ikizingatia ukubwa wa hadhira. Kanuni hiyo ya nchi ya asili inavihusu vituo vya utangazaji vya kawaida. Redio za intaneti peke yake hazimo.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina soko la pamoja tangu Julai 2010, na Kongo ilikamilisha kujiunga Julai 2022. Mfanyabiashara mdogo anazijua faida zake. Mzigo wa bidhaa za Jumuiya usiozidi dola 2,000 una cheti chepesi cha asili. Busia na Mutukula lori linakaguliwa mara moja badala ya mara mbili. Muziki hauna cheti chepesi. Wimbo unaotoka Bwera kwenda Beni kisheria unadai ruhusa mpya, wakati hakuna dirisha la mpakani la kuiombea. UPRS na SOCODA wakikubaliana juu ya leseni moja kwa redio ndogo zinazosikika pande zote mbili, na mgawo ukafuata orodha ya wasikilizaji, watakusanya fedha ambayo leo haikusanywi na yeyote.

La tatu ni takwimu. Orodha ya nyimbo na ripoti ya wasikilizaji kwa nchi ndizo silaha za mwenye redio mezani. Anayekuja na ripoti hulipishwa kwa kilichotokea. Anayekuja mikono mitupu hulipishwa kwa makisio, na sijapata kuona makisio ya mkusanyaji yakimpendelea mlipaji.

KABLA HUJAWASHA MITAMBO

- Jisajili na UCC, uweke risiti ya kila mwaka mahali pasipopotea.
- Chukua leseni ya muziki kwa maandishi. Hakikisha imeandikwa neno intaneti, si FM au ukumbi tu.
- Uliza: inagusa watunzi pekee au na hakishiriki? Inagusa nchi zipi?
- Kila faili liwe na jina la wimbo, mtunzi, mwimbaji na mwaka. Anza siku ya kwanza. Kurekebisha nyimbo 5,000 baadaye ni adhabu.
- Hifadhi orodha ya nyimbo ya kila mwezi na ripoti ya wasikilizaji kwa nchi.
- Kama huna leseni ya nchi fulani, programu nyingi za kurushia zinaruhusu kuifunga. Ni afadhali uifunge mwenyewe kuliko ufungiwe huduma nzima.
- Kwa wanamuziki wa nyumbani wasio wanachama wa chama chochote, andikeni makubaliano ya moja kwa moja. Ukurasa mmoja wenye saini, tarehe na orodha ya nyimbo unatosha kuanzia.
- Ongeza vipindi vya mazungumzo: bei za soko la Mpondwe, viwango vya kubadilishia fedha, hali ya barabara ya Kasindi hadi Beni. Dakika ya habari haina mrabaha, na kwa wasikilizaji wafanyabiashara ndiyo inayouza tangazo.

Uhusiano wa kimuziki kati ya pande hizi mbili ulikuwapo kabla ya intaneti, na utaendelea kwa leseni au bila leseni. Kinachoamuliwa sasa ni kama fedha itafuata njia hiyo hiyo. Viwango vikipangwa kwa kuangalia makampuni ya Marekani tu, redio ndogo za Bwera zitajificha, na mtunzi wa Kikonzo ataendelea kusikika nchi tatu bila kulipwa na hata moja.